Sijui (Alama 1)

Kama ulifanya KCPE, unakumbuka mpangilio wa karatasi ya Kiswahili: swali la 31 hadi 40 taarifa ya kwanza, 41 hadi 50 taarifa ya pili, na mahali fulani katikati, swali la maana ya neno. A, B, C au D. Ukifika KCSE unanyang'anywa hizo herufi, unaambiwa ueleze maana ya maneno kama yalivyotumika katika kifungu.

Hicho kipande cha mwisho ndicho kinanisumbua. Hakuna anayeuliza neno lina maana gani kwenu nyumbani. Unaulizwa aliyeandika kifungu alimaanisha nini. Mwenye kifungu ndiye mwenye maana.

Huku Kaskazini Mashariki tumefanya mitihani ya aina hiyo tangu kabla KCPE haijazaliwa.

Mwaka 1962 Waingereza walileta makamishna wawili, Mnigeria na Mkanada, wazunguke NFD, eneo ambalo kwa miaka mingi huwezi kuingia wala kutoka bila kibali. Swali lilikuwa moja: Kenya ikipata uhuru, ninyi mnataka kuwa wapi? Watu walijibu. Ripoti yenyewe ilikubali kwamba sehemu kubwa ya eneo lile ilitaka kuungana na Somalia. Machi 1963 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba tutakuwa jimbo la saba la Kenya. Yaani unaulizwa, unajibu, halafu unaonyeshwa jibu lililokuwa limechapishwa nyuma ya kitabu.

Vita vikafuata hadi 1967, na hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 ikabaki mpaka 1991. Serikali iliwaita wapiganaji shifta, neno lililotoka Ethiopia, maana yake jambazi. Mpaka leo tunasema Vita vya Shifta, hata sisi wenyewe. Sasa jaribu: eleza maana ya neno "shifta" kama lilivyotumika. Katika kifungu cha serikali ni mhalifu, basi. Katika kifungu cha mzee wa Garissa anaweza kuwa kakake aliyeshika bunduki kwa sababu ya lile jibu la 1962. Anaweza pia kuwa mfugaji asiye na hata kisu, aliyekutwa na mifugo mahali pasiporuhusiwa. Na wezi wa kweli walikuwepo pia. Neno moja liliwabeba wote, na risasi haikuuliza ni maana ipi.

Mtihani mwingine ukaja 1989: Wasomali wote wa Kenya waliamriwa kuhakikiwa, wakahojiwa kuhusu ukoo na asili, waliofaulu wakapewa kadi ya rangi ya waridi. Hapo kujibu "sijui" kulikuwa hatari.

Chekesho ni kwamba hilo ndilo jina letu. Wasomali wa ng'ambo ya mpaka hutuita Sijui. Inasemwa ni kwa sababu ukimuuliza Msomali wa Kenya jambo, anakujibu kwa Kiswahili: sijui. Ni utani, lakini unachoma: Nairobi unaulizwa kitambulisho, Mogadishu unaitwa Sijui.

Kiswahili chenyewe kilikuwa cha lazima na cha kutahiniwa kwenye msingi ulipoanza mfumo wa 8-4-4, mwaka 1985. Mtoto wa Garissa ana Kisomali nyumbani, Kiarabu cha Kurani duksi, Kiingereza darasani, kisha Kiswahili, ambacho mara nyingi alifundishwa na mwalimu kutoka chini, huko tunakokuita "Kenya". Novemba 2014 basi lilishambuliwa Mandera, watu 28 wakauawa, walimu wakiwa miongoni mwao. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, hapa Garissa. TSC ikawahamisha walimu wasio wenyeji kutoka shule nyingi, na madarasa yakabaki na vifungu bila wa kuvieleza.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na pesa kidogo naipata kwa kuwasaidia watoto wa mtaani na marudio. Siku moja kifungu kilihusu masika na palizi. Msichana wa darasa la saba akachagua jibu sahihi, kisha akaniambia, "Maalim, neno nimelijua kwa kifungu. Kitu chenyewe sijawahi kukiona."

Nikamwambia atunge kifungu chake kuhusu ngamia, na maswali ya msamiati juu yake. Alirudi na *hal*, *awr* na *nirig*: ngamia jike, dume la mizigo, na mtoto wa ngamia. Kiswahili chetu cha shule huwaita wote ngamia.

KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023. Mtaala mpya unataka vitabu vipya, na vitabu vipya vinataka vifungu. Mtu fulani anaviandika sasa hivi, na sioni sababu asiwe wa huku.