Siku za Leta, Majira ya Mkulima

Mpunga ulikuwa umeshaota Maniema, mashariki mwa Kongo, kabla Wabelgiji hawajafika. Uliletwa na Waarabu na Wangwana, yaani Waislamu wa Kiswahili waliofuatana nao, waliofanya Nyangwe na Kasongo kuwa miji ya biashara katika karne ya 19, na wenyeji wakaupokea. Baadaye Kindu ikapata reli ya kwenda Kongolo, kilomita 355, na mchele ukapata njia ya kusafiri mbali.

Hapo Leta, yaani serikali ya kikoloni, akaanza kuhesabu siku. Amri ya Februari 1917 ilimlazimisha mwanakijiji kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali hadi siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, katikati ya vita, zikawa 120. Aliyechelewa alitozwa faini au alifungwa.

Leo mambo yamegeuka: anayesubiri ahadi za serikali ni mkulima. Huko Maputo, mwaka 2003, serikali za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo na maendeleo ya vijijini. Sheria ya Kongo ya 24 Desemba 2011 nayo ikaahidi mfuko wa taifa wa maendeleo ya kilimo. Ahadi nzuri hizo. Lakini mbegu inayofika mvua zikiwa zimekatika haipandwi, na mbuzi akishakufa, dawa haina kazi tena.

Mifugo hapa Maniema ina shida zake: mbung'o huwazuia ng'ombe kwenye maeneo mengi ya msitu, kwa hiyo kaya nyingi hutegemea mbuzi na kuku. Viongozi wanaopanga misaada Kindu na Kinshasa waanze kwa kumuuliza mkulima anapanda lini, ndipo waandike tarehe ya mwisho ya kufikisha misaada.