Sindo ni ya Wahamiaji, Lakini Lugha Yao Iliendaga Wapi?

Tukisikia "wahamiaji", wengi wetu tunawaza zile meli za miaka ya 1800, Waairishi na Wajerumani wakishuka New York na masanduku yao. Sawa. Lakini sisi wa Sindo tuko na stori yetu, na ilianza kabla ya hiyo.

Abasuba walivuka ziwa kutoka pande za Buganda na Busoga. Profesa Henry Okello Ayot, aliyechapisha historia yao mwaka 1979, anaianzia 1760. Wengi walikuwa wanakimbia vita na ugomvi wa kiti cha Kabaka. Wakatua Mfangano, Rusinga, Gwassi na huku Kaksingri.

Maisha hayakuwa mteremko. Bonde la Lambwe lilikuwa la mbung'o. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 malale iliwapiga watu wa ziwa vibaya. Upande wa Uganda pekee ilimaliza zaidi ya watu 200,000. Hata hii mbuga ya Ruma iko hapo kwa sehemu kubwa juu mbung'o walizuia watu na ng'ombe kujaa bondeni.

Lakini mimi naona mbung'o haikuwa shida kubwa zaidi. Shida ilikuwa kuwa wachache. Waluo walikuwa wengi: ukitaka kuoa, kuuza samaki ama kupata mtu wa kukutetea, unaongea Dholuo. Tohara ikaachwa pole pole. Halafu Waadventista wakaanza misheni Gendia mwaka 1906, na shule na kanisa zikaenda na Dholuo. Mtoto akasoma kwa Dholuo, akaomba kwa Dholuo. Olusuba ikabaki ya wazee, hasa kule Mfangano.

Marekani, jimbo la Nebraska lilipitisha sheria mwaka 1919 kukataza watoto wadogo kufundishwa Kijerumani na lugha zingine za kigeni. Mwalimu mmoja aliyehukumiwa kwa kufundisha Kijerumani akakata rufaa, na mwaka 1923 akashinda. Huku hakuna aliyepitisha sheria yoyote, kwa hivyo hakukuwa na mtu wa kushtaki. Lugha ilienda tu, kimya kimya, nyumba kwa nyumba.

Najua mtaniambia, "Sisi ni Waluo sasa, shida iko wapi?" Sina shida na hiyo. Tom Mboya alitoka ukoo wa Abasuba wa Rusinga na Kenya nzima inamjua kama Mluo. Lakini kuwa Mluo hakukulazimishi kusahau Olusuba. Mtu anaweza kubeba zote mbili.

Kama uko na nyanya anayejua hata salamu tu, usingoje matanga. Mrekodi na simu wikendi hii.