Kwa nini viwanda vya korosho vya Msumbiji vilifungwa, na kwa nini gesi haijaziba pengo

Pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia mdomo wa mto Ruvuma kushuka hadi Mocímboa da Praia, inatazamana na mojawapo ya hazina kubwa za gesi asilia barani Afrika. Hata hivyo, kipato cha wakazi wake wengi bado hutokana na shamba, uvuvi na vibarua vya msimu, wala si mshahara wa mwezi. Anayetaka kuelewa hali hiyo inamfaa aanze na korosho kabla ya gesi.

Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazil, ukashika ardhi ya pwani kana kwamba ni wa asili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Msumbiji iliongoza duniani kwa kuvuna zaidi ya tani 200,000 za korosho kwa mwaka. Ilikuwa pia miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kubangua korosho viwandani kwa kiwango kikubwa, badala ya kuzipeleka India zikiwa ghafi. Wabanguaji wengi walikuwa wanawake.

Baada ya uhuru, Juni 25, 1975, Wareno wengi waliondoka, nao ndio waliokuwa wakimiliki maduka ya vijijini. Jambo hili husahauliwa mara nyingi. Mkulima aliyezoea kuuza korosho ili anunue kitambaa, chumvi na mafuta ya taa alikosa mnunuzi, na hata alipopata fedha hakukuta bidhaa za kununua. Wengine walihamishiwa vijiji vya pamoja, mbali na mikorosho yao. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1977 hadi mkataba wa amani wa Roma wa Oktoba 4, 1992. Barabara zilikatika, miti ikazeeka bila kupandwa mipya, na korosho zilizofika sokoni zikawa sehemu ndogo tu ya zile za zamani.

Sharti la Benki ya Dunia

Viwanda vilivyonusurika vita vilikutana na mtihani mwingine. Serikali ilikuwa imevilinda kwa kupiga marufuku uuzaji wa korosho ghafi nje ya nchi, na baadaye kwa kuutoza ushuru mkubwa. Katikati ya miaka ya 1990, viwanda hivyo vilipokuwa vimetoka tu kubinafsishwa, Benki ya Dunia iliitaka Msumbiji ipunguze ushuru huo kama sharti la kupata mikopo. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: ushuru ulishusha bei anayolipwa mkulima, hivyo maskini wa kijijini alikuwa akibeba mzigo wa viwanda vilivyofanya kazi bila ufanisi.

Wenye viwanda na chama cha wafanyakazi, pande ambazo ni nadra kusimama pamoja, walipinga kwa sauti moja. Walisema India, mnunuzi mkuu wa korosho ghafi, inavilinda viwanda vyake yenyewe. Ushuru ulipunguzwa hata hivyo, ukafika asilimia 14. Bunge lilipoupandisha tena mwaka 1999, hadi kati ya asilimia 18 na 22, viwanda vingi vikubwa vilikuwa vimefunga milango. Katika sekta iliyoajiri watu wapatao 10,000, walio wengi walipoteza kazi.

Je, mkulima alifaidika? Wachumi Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Horn Welch walichunguza suala hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walikadiria kwamba kaya ya wastani inayolima korosho haikupata nyongeza inayozidi dola 5.30 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya tofauti ya bei iliishia kwa wafanyabiashara wa kati. Mkulima hakupanda miti mipya, wala mwenye kiwanda hakununua mashine mpya, kwa kuwa hakuna aliyeamini kwamba sera ile ingedumu. Kwa maoni yangu, kutoaminika huko kulidhuru kuliko kiwango chenyewe cha ushuru.

Ng'ambo ya Ruvuma

Hata hivyo, kuilaumu Benki ya Dunia peke yake hakutoshi, na ushahidi uko jirani. Tanzania ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho, vingi kwa mikopo ya benki hiyohiyo. Uzalishaji, uliofikia tani 145,000 msimu wa 1973/74, ukaporomoka baada ya wakulima kuhamishiwa vijiji vya ujamaa na ugonjwa wa ubwiri unga kushambulia mikorosho. Viwanda vingi vilikaa bila malighafi, na hadi leo sehemu kubwa ya korosho za Mtwara na Lindi husafirishwa ghafi. Vietnam nayo hununua korosho ghafi za Afrika kwa wingi, huzibangua kwa mashine na kuongoza dunia kwa kuuza korosho zilizobanguliwa.

Gesi iligunduliwa katika bonde la Ruvuma mwaka 2010, wakati pengo hilo likiwa wazi. Gesi haiajiri kama korosho: ujenzi huhitaji maelfu ya watu kwa miaka michache, kisha mitambo huendeshwa na mafundi wachache wenye ujuzi maalumu. Uholanzi, nchi tajiri, iliwahi kuona viwanda vyake vingine vikidhoofika baada ya kugundua gesi huko Groningen mwaka 1959. Fedha za kigeni ziliingia kwa wingi, sarafu ikapanda thamani, na bidhaa za viwandani zikawa ghali kwa wanunuzi wa nje. Uholanzi, lakini, ilikuwa na viwanda vya kudhoofika. Palma haikuwa navyo.

Kisha hata kazi za ujenzi zilikatika. Machi 24, 2021 waasi waliushambulia mji wa Palma, na mwezi uliofuata TotalEnergies ilisimamisha rasmi mradi wake wa dola bilioni 20 huko Afungi. Ilitangaza kuondoa usitishaji huo Novemba 2025. Wakati huo meli ya kusindika gesi ya Coral Sul, iliyotia nanga baharini mbali na ufuo huohuo, ilikuwa imetimiza miaka mitatu tangu isafirishe shehena yake ya kwanza, Novemba 2022.