Virusi inayorudi: kwanza ordinateri, kisha flashi

Wanafunzi wengi wa Bukavu wanaijua ile saa. Umetoka kuchapisha memuari kwenye sekretaria, unafika nyumbani, unaingiza flashi, na dosie zako zote ziko na mushale mudogo pembeni. Unakliki, hakuna kitu kinafunguka. Ao inafunguka vizuri, lakini kuanzia siku hiyo kila flashi unayoingiza kwenye ile mashini inapata ugonjwa uleule. Fundi anakuambia: tuformate. Unalipa, flashi inaformatiwa, memuari inaenda nayo. Kesho yake virusi imerudi.

Fichie zako hazikuwa zimepotea. Virusi ya aina hii inazificha tu, kisha inaweka pa nafasi yake njia za mukato, vile vifichie vya 1 Ko ao 2 Ko vyenye mushale. Ukikliki pale, unaianzisha virusi wewe mwenyewe, na mara nyingi inakufungulia dosie yako ya kweli ili usishuku kitu. Kama unataka kuhakikisha, angalia ukubwa wa flashi: ikionyesha kwamba imejaa giga 3 na wewe hauoni kitu ndani, basi kazi yako bado iko. Usikubali iformatiwe.

Zamani haikuhitaji hata kukliki. Windows ilikuwa inaanzisha programu ya flashi yenyewe, na virusi kama Conficker, iliyotokea mwaka wa 2008, ilitumia mulango huo. Microsoft iliufunga kwenye Windows 7, kisha mwezi wa pili 2011 ikatuma sasisho la kuufunga kwenye XP na Vista pia. Ndiyo sababu watengenezaji wa virusi walihamia kwenye mushale: sasa wanangojea kidole chako.

Hapa redioni nilisafisha flashi moja ya mahojiano mara tatu kwa wiki moja. Nilikuwa ninaisafisha kwenye mashini yenyewe iliyokuwa na virusi! Ni kama kupangusa maji chini wakati robine iko wazi. Kwa hiyo chomoa flashi zote, ziweke pembeni, tuanze na ordinateri.

Kama haina sasisho tangu miezi mingi, ipe kwanza rezo ya telefone ili Defender, anti-virusi inayokuja na Windows 10 na 11, ijue virusi za sasa. Mega zitaenda, lakini bila hiyo unafanya kazi bure. Halafu kata rezo. Fungua «Sécurité Windows», sehemu ya virusi, kwenye «Options d'analyse» chagua «hors ligne». Mashini itazima, itawaka, na itatafuta virusi kabla Windows yenyewe haijaamka. Hapo ndipo kuna faida: virusi sugu inajilinda wakati Windows inatembea, inaficha fichie zake, inazima anti-virusi. Ikikutwa bado imelala haiwezi kujitetea. Kazi inachukua karibu dakika 15. Usianze kama betri imekufa na unajua delestaji iko njiani.

Ukikuta Defender imezimwa, jiulize ni nani aliizima. Mara nyingi ni anti-virusi nyingine ya muda uliokwisha, ambayo inabaki pale kama mulinzi aliyelala na inazuia mwingine asifanye kazi. Ifute. Mara nyingine ni ile «crack» ya Office ao ya Windows, iliyokuomba uzime ulinzi kwa dakika moja tu. Mimi siamini programu inayoanza kwa kuniomba nizime mulinzi.

Kisha bonyeza Ctrl, Maj na Échap pamoja, uende kwenye «Démarrage». Pale kuna programu zinazoamka pamoja na Windows, na virusi inapenda sana kujiandikisha fasi ile. Tafuta jina usilolijua, zaidi sana kitu kinachoishia na .vbs ao .js, ao kinachoitwa wscript. Kizime, washa mashini upya. Angalia pia dosie ya kuamkia: bonyeza kifungo cha Windows na R, andika shell:startup. Kwa watu wengi dosie ile iko tupu.

Sasa ndiyo zamu ya flashi. Iingize bila kuifungua, uone herufi iliyopewa, tuseme E. Fanya analizi yake kwa Defender. Halafu andika cmd kwenye nafasi ya kutafutia, fungua lile dirisha jeusi, uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Ngojea mustari urudi. Dosie zako zitatokea karibu na ile mishale. Futa mishale, futa .vbs zote, na usiguse .exe yoyote yenye sura ya dosie. Kama herufi yako ni F, andika F; usikosee hapo.

Kuna virusi ambazo hazitoki hivi. Sality, inayojulikana tangu 2003, inaingia ndani ya programu zenyewe, kila .exe ya mashini, na inaharibu hata ile njia ya kuwasha Windows kwa usalama. Ukisafisha programu kumi na kuacha moja, imerudi. Mashini ya namna hiyo, ao ile iliyopita analizi mara mbili na bado inarudisha mushale, toa ndani yake maandishi, picha na sauti peke yake, bila programu hata moja, kisha weka Windows mupya. Hapo fundi wako ana haki ya kuformata. Maneno ya siri ya imeli na Facebook, yabadilishe kwenye telefone, si kwenye mashini iliyokuwa na ugonjwa.

Hatari hii si ya wanafunzi peke yao. Mwaka wa 2023 kampuni ya usalama Mandiant, ya Marekani, ilieleza namna wapelelezi wa mutandao wanaohusishwa na China waliingia katika mashirika makubwa kupitia flashi, wakianzia kwenye matawi yao ya Afrika. Kati ya fasi za maambukizo ilitaja maduka ya kuchapisha na sibere.

Kuchapisha tutaendelea kuchapisha. Unaweza kutuma PDF kwa imeli ao WhatsApp ya sekretaria, na flashi ibaki nyumbani. Kama rezo haiko, beba flashi yenye fichie moja tu, ile ya kuchapa. Kuna njia nyingine ninayoitumia sasa: kadi ya SD ndani ya kifuko chake chenye kifungo kidogo pembeni. Ukikisukuma kwenye «lock», mashini nyingi zinasoma kadi lakini haziwezi kuandika kitu juu yake. Hakikisha tu kwamba sekretaria iko na tundu la kadi kabla ya kupanga foleni.