Shule ya Sekondari ya Little Rock Central
Shule ya Sekondari ya Little Rock Central ni shule ya umma mjini Little Rock, makao makuu ya jimbo la Arkansas, Marekani. Jengo lake kubwa la matofali lilifunguliwa mwaka 1927 na liligharimu takriban dola milioni 1.5. Juu ya lango kuu zimesimama sanamu nne. Mojawapo inawakilisha Fursa. Kwa miaka 30 fursa hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao.

Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga wanafunzi wa shule za umma kwa rangi ni kinyume cha katiba. Septemba 1957 wanafunzi tisa weusi walipotaka kuanza masomo, gavana Orval Faubus aliweka askari wa jimbo kuwazuia. Elizabeth Eckford, msichana wa miaka 15, alifika peke yake tarehe 4. Askari walimfungia njia, na umati ukamfuata ukimzomea hadi kituo cha basi. Ujasiri wake haustahili kusahaulika. Rais Eisenhower alituma wanajeshi wa Divisheni ya 101, na tarehe 25 wale tisa waliingia shuleni chini ya ulinzi wao. Ernest Green alihitimu Mei 1958, mwanafunzi mweusi wa kwanza kufanya hivyo shuleni hapo. Mwaka wa masomo uliofuata, sekondari za umma za mji zilifungwa ili kuzuia wanafunzi weusi na Wazungu wasisome pamoja.

Tangu 1998 shule hiyo ni eneo la kihistoria la taifa, na wanafunzi bado wanasoma humo.