Nakala za Jeni Zinavyoamua Sifa za Mazao

Ngano ya mkate ilitokana na nyasi tatu tofauti zilizochanganyika zamani. Kwa sababu hiyo ina kromosomu 42, na jeni zake nyingi zina nakala tatu zinazofanana sana. Jambo hili limewasumbua wazalishaji wa mbegu kwa muda mrefu: nakala moja ikiharibika, mbili zilizobaki huendelea na kazi na sifa ya mmea haibadiliki. Kwenye shayiri, ambayo haina urudufu huo, kasoro katika jeni ya MLO ilijulikana kwa miongo mingi kuwa kinga dhidi ya ubwiri unga. Kwenye ngano kinga hiyo ilipatikana mwaka 2014, watafiti wa China walipozima nakala zote tatu kwa pamoja kwa uhariri wa jeni.

Si kila mara zote huzimwa. Jeni ya GW2 huzuia punje kunenepa, na kila nakala inayozimwa huongeza ukubwa wa punje. Mtafiti huchagua kiwango.

Mjini Córdoba, Hispania, idadi ilikuwa kubwa zaidi. Protini za gluteni ziitwazo alfa-gliadini, zinazowadhuru wagonjwa wa siliaki, hutengenezwa na familia kubwa ya jeni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, jeni 35 kati ya 45 zilizotambuliwa zilibadilishwa katika mmea mmoja, na uwezo wa ngano hiyo kuamsha kinga ya mwili ukapungua kwa asilimia 85. Hata hivyo, mgonjwa hapaswi kuichukulia kuwa salama, kwani gluteni iliyobaki bado inaweza kumdhuru.

Jijini Nairobi, wanasayansi wa IITA walihariri ndizi aina ya Gonja Manjaya, ambayo hubeba ndani ya kromosomu zake vinasaba vya virusi vya michirizi. Ukame huviamsha, na mmea huugua bila kuambukizwa kutoka nje. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa asilimia 75 ya mimea iliyohaririwa haikuonyesha dalili ilipokosa maji. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa virusi hivyo hukaa upande uleule wa ukoo unaoipa ndizi ustahimilivu wa ukame.

Kenya ilitoa miongozo ya uhariri wa jeni mwaka 2022. Mmea usiobaki na jeni ya kigeni unaweza kushughulikiwa kama zao la kawaida, baada ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia kupitia ombi lake.