Baada ya 1994: Nani Alilipwa Kujenga?

Wanafunzi wengi hapa Gitega hudhani kuwa nchi yetu ilijengwa upya kwa umuganda tu. Umuganda, uliorudishwa mwaka 1998 na kuwekewa sheria mwaka 2007, ni jambo la kheri, lakini hauna ujira. Mjane hanunui maharage kwa umuganda.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliacha wajane na mayatima wengi, na mafundi wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia. Wakarudi wakimbizi wa tangu 1959, na mwishoni mwa 1996 wakamiminika wengine kutoka Zaire na Tanzania. Wote walihitaji paa. Kati ya 1995 na 1999 UNHCR ilisaidia ujenzi wa nyumba takriban 100,000. Nyingi za kuta za zama hizo zilikuwa za rukarakara, yaani matofali mabichi: udongo unachimbwa palepale, unakandwa kwa miguu, unatiwa kwenye kalibu, unaanikwa juani. Kazi hii haitaki mashine, inataka watu. Hapo wanawake wakaingia katika ujenzi, wengine hata wakapanda juu ya paa, jambo ambalo mila yetu ya zamani ilikuwa mwiko kwa mwanamke.

Tatizo ni kwamba nyumba ikiisha, kibarua nacho kimekwisha. Ndipo miaka ya 2000 likazoeleka neno HIMO, kifupisho cha Kifaransa, maana yake kazi ya mikono mingi. Barabara, mitaro na matuta ya milimani vilichimbwa kwa majembe badala ya katapila, ili fedha ibaki kwa wenyeji. Mwaka 2008 ukaja mpango wa VUP, ukaanza na imirenge 30, mmoja kila wilaya. Maskini mwenye nguvu alipewa kazi ya malipo, asiyejiweza akapewa msaada. Mwaka uliofuata zikaanza Umurenge SACCO, moja kwa kila umurenge katika ile 416, na ujira ukawa unapitia kwenye akaunti. Kwa maoni yangu akaunti ile ilidumu kuliko mitaro mingi. Lakini malipo yalichelewa mara kwa mara, na anayeishi kwa kibarua atasubirije?

Mwaka 2019 serikali iliruhusu tena rukarakara mijini, kwa masharti ya ubora. Kama mtaani kwenu yupo mzee aliyefyatua matofali zama zile, mpelekeeni vijana wakaone anavyouchagua udongo.